Mungu wa wahunzi hayumo kwenye Princess Mononoke

Ukiitaja Princess Mononoke kwa watu wanaopenda katuni za Kijapani, wataanza na vile vijitu vyeupe vya mitini vinavyotingisha vichwa. Mpwa wangu ndio ugonjwa wake. Amenipachikia mlio wao kwenye simu, ujumbe ukiingia karakana nzima inageuka. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mbeya, kazi yangu mageti na grili za madirisha, na katuni hii nimeitazama kwa macho ya fundi. Msitu ni mzuri, sikatai. Lakini kilichonikalisha kitini ni tanuru la Eboshi.

Kwa ambaye hajaiona: ni kazi ya Hayao Miyazaki, ilitoka mwaka 1997, na hadithi imewekwa Japani ya zama za Muromachi, yaani karne ya 14 hadi ya 16. Mama mmoja aitwaye Eboshi amejenga ngome kando ya ziwa, watu wake wanayeyusha chuma. Juu yao kuna msitu wenye wenyewe: Moro, mbwa mwitu jike mkubwa kuliko ng'ombe, Okkoto, mzee wa nguruwe mwitu, na juu ya wote Shishigami, paa mwenye uso unaokaribia wa mtu. Chuma kinataka makaa, makaa yanataka miti. Ugomvi ndio huo.

Na ugomvi wenyewe haukutungwa mezani. Namna hiyo ya kuyeyusha chuma inaitwa tatara, na huko Okuizumo, mkoa wa Shimane, iliwashwa upya mwaka 1977 ili wafua panga wapate chuma chao. Unajenga tanuru la udongo, fupi, linalokufika kifuani hivi. Unawasha, kisha unamwaga makaa, unamwaga mchanga wa chuma, tena makaa, tena mchanga, siku tatu usiku na mchana, moto haulali na fundi mkuu halali. Mwisho unalibomoa tanuru zima ili utoe pande la chuma lililojiotea chini yake, linaitwa kera. Pande la tani mbili na nusu hivi linakula zaidi ya tani kumi za makaa. Anayelalamikia bei ya gunia la mkaa apige hesabu hapo.

Mchanga nao haukuokotwa tu. Zamani walichimba kilima, wakakipeleka chote kwenye mifereji ya maji. Udongo unakwenda na maji, chuma kwa kuwa kizito kinabaki. Udongo uliokwenda ulijaza mito huko chini, mito ikapanda, watu wa mabondeni wakafurikiwa. Kwa hiyo nguruwe wa Miyazaki wanapokuja juu kwa hasira, mimi nawaelewa vizuri sana.

Turudi ndani ya ngome. Kuna sehemu Ashitaka, mhusika mkuu, kijana mwenye laana mkononi, anaingia usiku penye mivukuto. Ni ubao mkubwa, wanawake wamesimama juu yake wanaukanyaga kwa miguu huku wakiimba, upande huu ukishuka ule unapanda, upepo unaingia motoni. Anaomba apokee zamu. Anakanyaga kwa nguvu zote kama mwanamume anayetazamwa, wanawake wanacheka, wanamwambia kwa kasi hiyo hatafika mbali. Nilicheka na mimi. Kila kijana anayeletwa kwangu kujifunza anaanza hivyo hivyo, anakandamiza grinda mpaka inazima.

Basi nikaanza kusoma juu ya tatara, nikitegemea kukutana na wanawake hao. Sikuwakuta. Mwanamke alikuwa haruhusiwi kusogelea tanuru, na aliyemkataza ni mungu wa kike.

Anaitwa Kanayago. Watu wa Shimane wanasimulia kwamba alikuja amepanda korongo mweupe, akatua juu ya mti wa katsura mahali paitwapo Nishihida, akawafundisha watu kuyeyusha chuma. Hekalu lake lipo hapo mpaka leo. Ana wivu, hapendi wanawake, hapendi mbwa. Damu na uzazi vikae mbali na moto wake, ila maiti haimsumbui. Kuna simulizi za wahunzi walioweka maiti kwenye nguzo za jengo la tanuru ili chuma kikubali kutoka. (Bibi yangu ni Mfipa, na wazee wa kwao waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye malungu, matanuru yao, walikuwa na miiko yao kuhusu wanawake na tanuru. Aliponisikia nimeingia fani hii alinyamaza kidogo, kisha akauliza wananilipa shilingi ngapi.)

Sasa itazame katuni tena ukiwa na Kanayago kichwani. Msituni kila kitu kina mwenyewe: mti una kodama wake, ndio vile vijitu vyeupe, mbwa mwitu ni mungu, nguruwe ni mungu, dimbwi lina Shishigami. Ukivuka kuingia ngomeni, hakuna. Hakuna anayeinamia tanuru, hakuna kibanda cha mungu kando ya moto, hakuna mti wa katsura uani. Mizimu yote imepewa msitu, chuma kimeachwa yatima. Anayetazama anaondoka akidhani kwa Wajapani mizimu ni mali ya miti na wanyama, na mwenye nyundo hana wa kumlilia. Simulizi zao hazikugawa hivyo. Waliokata miti walikuwa na mungu wao, tena mkali kuliko Moro.

Miyazaki anajua jinsi watu wanavyoishi na mungu mwenye hasira, maana ameonyesha vizuri mno mwanzoni kabisa. Nguruwe Nago, mwili umejaa minyoo myeusi ya laana, anakivamia kijiji cha Waemishi, watu wa kwao Ashitaka, naye Ashitaka anampiga mishale. Kizee mwenye kuagua wa kijiji anafika, anapiga magoti mbele ya mnyama aliyetoka kutaka kuwaua, anamwahidi watamjengea kaburi la heshima, na anamwomba asiwachukie. Hiyo ni Japani yenyewe. Sugawara no Michizane, mwanazuoni wa serikali, alifia uhamishoni mwaka 903. Majanga yakaliandama jiji la Kyoto, watu wakasema ni yeye, wakamjengea hekalu la Kitano. Leo wanafunzi wanakwenda kumwomba awafaulishe mitihani. Nago anajibu heshima ile kwa matusi na kufa. Baadaye wanakuta tumboni mwake kidonge cha chuma, risasi ya Eboshi.

Kwa hiyo kumwacha Kanayago nje nadhani ni uamuzi, na sababu yake naiona. Wale wanawake wa mivukuto Eboshi aliwanunua kutoka madanguro. Wenye ukoma, ambao hakuna anayetaka kuwagusa, amewapa chumba na kazi ya kutengeneza bunduki, na majeraha yao aliyaosha kwa mikono yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa nyumba moja na mungu anayefukuza wanawake. Miyazaki alikuwa achague Kanayago au akina Toki, mmoja wa wanawake hao wa mivukuto, akachagua akina Toki. Mimi mwanamke mwenye kofia ya kuchomelea kichwani nitalalamika vipi? Ila gharama imelipwa: Eboshi kabaki mtu asiyeogopa kitu chochote, na ugomvi ambao ungekuwa wa mungu kwa mungu umekuwa wa msitu na bunduki.

Hata mizimu aliyoichukua aliibadilisha. Kodama waliochorwa na mchoraji Toriyama Sekien mwaka 1776 ni babu na bibi, wazee kabisa, wamesimama kando ya msonobari. Vijitu vyeupe vyenye vichwa vinavyolia kama kete ni ubunifu wa katuni, na msitu wao ulichorwa baada ya wasanii kwenda kisiwa cha Yakushima, kwenye mierezi yenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja.

Shishigami ndiye aliyebadilika zaidi. Usiku anageuka jitu la kupita juu ya miti, Didarabotchi. Jitu hilo katika simulizi za kale ni la kazi nzito: linabeba udongo, nyayo zake zinakuwa madimbwi na maziwa, na wapo wanaosema ndilo lililorundika mlima Fuji. Kibarua wa ujenzi, kwa lugha ya huku kwetu. Kwenye katuni halibebi hata kokoto. Linatembea kimya. Na Shishigami akiwa paa, majani yanachipua penye nyayo zake na kukauka hapo hapo. Anamponya Ashitaka jeraha la risasi, Ashitaka anadhani amepona kabisa, kumbe alama ya laana imeachwa pale pale mkononi. Nililipenda hilo, sisemi uongo. Mungu asiyeeleza kwa nini amekupa hiki na kukunyima kile ni mungu wa kuaminika kuliko wa sinema nyingi.

Mwishoni ngome inateketea, Eboshi amepoteza mkono kwa meno ya Moro, anawaambia watu wake wataanza upya, wajenge kijiji kizuri. Watayeyusha chuma kwa miti ipi? Katuni inaishia hapo. Shimane walilijibu swali hilo kwa vitendo: walikata msitu kwa mafungu, fungu hili leo, lile mwakani, wakirudi penye la kwanza baada ya miaka thelathini hivi miti imeshakuwa, na vilima walivyovisomba kwa maji wakavigeuza mashamba ya mpunga ya ngazi. Huko Sugaya, ambako jengo la tanuru bado limesimama na mti wa katsura uko kando yake, waliyeyusha kuanzia mwaka 1751 hadi 1921. Moto wa Sugaya haukuzimwa na mbwa mwitu, wala miti haikuisha. Ulizimwa na chuma cha bei nafuu kutoka matanuru ya Kizungu.