Paa letu, kimbunga Beryl na ile asilimia mbili

Tulinunua nyumba Katy, magharibi mwa Houston, jimbo la Texas, Novemba 2022. Mkataba wa bima niliusaini siku ileile ya karatasi za benki, rundo zima kwa pamoja, bila kuusoma. Nilijua benki haitoi mkopo kwa nyumba isiyo na bima, basi nikaona tumeshakata, yamekwisha. Ukakaa kwenye droo ya jikoni mwaka mmoja na nusu.

Aliyenifanya niutoe ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuwa hapa Agosti 2017 wakati wa kimbunga Harvey, na maji yaliingia kwake mpaka usawa wa vitasa vya milango. Mwezi Mei 2024, siku mbili baada ya ule upepo mkali wa Mei 16 uliovunja madirisha ya maghorofa katikati ya Houston, tulikuwa uani tunachoma nyama. Akaniuliza, "Shemeji, mna bima ya mafuriko?"

Nikamwambia tuna bima ya nyumba.

Akaweka sahani chini. "Hiyo hata mimi nilikuwa nayo. Kwa maji yaliyotoka nje sikupata hata senti."

Usiku ule nilikaa na mkataba mpaka saa saba. Kweli, mafuriko hayamo. Bima ya kawaida ya nyumba Marekani inalipa maji ya bomba lililopasuka au mvua iliyopitia paa lililong'olewa na upepo, lakini maji yanayopanda kutoka barabarani yana bima yake peke yake. Wengi tunaikata kupitia mpango wa serikali kuu ulio chini ya FEMA, idara yake ya maafa, ambao kwa nyumba ya familia unalipa hadi dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vyombo. Benki haikutulazimisha kuikata kwa sababu ramani inaonyesha mtaa wetu hauko kwenye eneo la hatari kubwa, nasi tukachukulia kwamba tuko salama. Na ukiikata leo, kwa kawaida haianzi leo: unasubiri siku 30. Tulilipa Mei 20, ikaanza kazi Juni 19. Msimu wa vimbunga unafunguliwa Juni 1.

Lakini kilichonitoa jasho ni mstari mmoja katika ukurasa wa pili. Bima ya nyumba kwa kawaida ina sehemu ya hasara ambayo mwenye nyumba anaibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote. Kwa moto au wizi, yetu ilikuwa dola 2,500. Kwa upepo na mvua ya mawe iliandikwa "asilimia 2", na mimi nilipoiona kwa haraka nilidhani ni asilimia 2 ya hasara. Sivyo. Ni asilimia 2 ya thamani ambayo nyumba imekatiwa bima. Yetu ni dola 310,000, kwa hiyo paa likiezuliwa, dola 6,200 za kwanza ni zetu. Hatukuwa nazo.

Asubuhi nilimpigia wakala. Akatushusha hadi asilimia 1, yaani dola 3,100, na ada ikapanda dola 24 kwa mwezi. Akaniambia nimewahi: kimbunga kikishaingia Ghuba ya Mexico, makampuni husimamisha kubadilisha mikataba mpaka kipite. Nilimuuliza pia habari ya trampolini, lile turubai la kurukia, ambayo watoto walikuwa wanaililia. Mkataba wetu haugharimii mtoto wa jirani akivunjika mkono juu yake, na hakimu anaweza asikubali utetezi kwamba aliingia bila kukaribishwa. Hatukuinunua. Jumamosi iliyofuata nilizunguka nyumba nzima na simu nikirekodi video: kila chumba, dari zote, ndani ya makabati, namba za nyuma ya friji na televisheni. Nikaituma kwenye barua pepe yangu mwenyewe.

Beryl alifika alfajiri ya Jumatatu, Julai 8. Saa kumi na moja nilisikia mlio kama mtu anachana kadibodi juu ya dari, tena na tena. Vilikuwa vigae vya paa vinabanduka. Kulipokucha, doa la rangi ya chai lilikuwa limetanda juu ya kitanda cha mwanangu, na katikati yake tone moja linaning'inia, linajaa, linadondoka kwenye mto. Nikapiga picha kwanza. Kisha mume wangu na shemeji, upepo ulipotulia, wakapanda na turubai na mbao. Mkataba unakutaka uzuie hasara isiongezeke, na risiti za turubai na misumari zinalipwa, kwa hiyo nilizitunza zote.

Umeme ulikatika kwa wateja zaidi ya milioni 2 Houston na vitongoji vyake. Kwetu ulirudi siku ya sita. Mama alipiga simu kutoka Tanga: "Mwanangu, si joto tu? Umezaliwa nalo." Ni kweli, lakini nyumba ya Tanga ina madirisha yanayopitisha upepo, na hizi za huku zimejengwa kwa kutegemea kiyoyozi. Kikizimika, unakaa ndani ya chupa.

Jioni ya siku ya pili tulisikia jenereta ya jirani inanguruma ndani ya gereji, mlango umefunguliwa nusu. Mume wangu alienda mbio. Mke wa yule mzee alikuwa amelala kwenye kochi, kichwa kinamgonga, akidhani ni joto. Ni gesi ya monoksidi ya kaboni inayotoka na moshi wa jenereta; haina harufu wala rangi, na inapenya kutoka gereji hadi chumbani. Tuliwatoa nje, tukaita gari la wagonjwa, na jenereta ikasogezwa mwisho wa uwanja, zaidi ya mita 6 kutoka dirisha lolote. Yule mama alirudi nyumbani kesho yake. Mpaka leo nikisikia jenereta natoka nje kuangalia iko wapi.

Mafundi wa paa walianza kugonga milango kabla umeme haujarudi. Mmoja akaniambia, "Saini hapa mama, ile 3,100 yako naimeza mimi." Sheria ya Texas tangu Septemba 2019 inamkataza fundi kukusamehe sehemu yako hivyo, na kampuni ya bima inaweza kudai ushahidi kwamba ulilipa sehemu yako kabla ya kumalizia malipo. Nilimtafuta fundi aliyemwezekea shemeji.

Mkaguzi wa bima alikuja siku ya 12. Makadirio yake ya kwanza yaliacha dari ya chumba cha mtoto, akisema huenda doa ni la zamani. Nikamwonyesha ile video ya Mei, dari nyeupe haina hata alama. Akayarekebisha makadirio palepale kwenye kompyuta yake. Jumla ikawa dola 14,600. Hundi ya kwanza ilikuwa 7,500, kwa sababu wanaondoa sehemu yako na pia dola 4,000 za uchakavu wa paa, ambazo wanazishikilia mpaka kazi iishe. Nilituma picha za paa jipya na risiti ya zile 3,100 tulizomlipa fundi, na zile 4,000 zikaingia Oktoba. Wiki hiyo mwanangu alirudi kulala chumbani kwake.