Tumbawe la Malindi na tangazo alilonitumia mwana wa kakangu

Jana nshaswali isha nimejilaza, simu ikalia, kuangalia ni mwana wa kakangu, yule aliyeko Nairobi chuo kikuu mwaka wa tatu anasoma jiolojia. "Shikamoo shangazi. Fungua hii uisome yote usiruke, halafu kesho mwonyeshe babu." Nkamjibu marahaba baba, nkafungua, kumbe ni pidiefu ya idara yao ya sayansi ya ardhi, zile habari na matangazo wanayotoa kila semista.

Mwanzo nilikuwa napitisha macho tu. Waliomaliza masta wamepongezwa, mashine ya kukatia mawe imetengenezwa imerudi lebu, fomu za ufadhili zina mwisho wake, kuna mwalimu anastaafu na wanafunzi wake wanamchangia zawadi. Mambo mazuri lakini ya kwao wenyewe. Sasa nikafika pale kwa safari ya mafunzo ya mwaka wa tatu, nkaona Marafa, nkaona Magarini, nkaona mdomo wa mto wetu Sabaki, na chini yake wameandika jioni ya mwisho kutakuwa na mhadhara kuhusu rekodi ya tumbawe la Malindi. Hapo nkainuka nkakaa kitako.

Tumbawe la Malindi lina rekodi? Mimi nimezaliwa hapa, babangu amevua hapa maisha yake yote, nyumba tunayolala kuta zake ni matumbawe na chokaa, na sijawahi kuskia mtu akilitaja jambo hilo, si skuli, si barazani, si kwa redio. Nkampigia pale pale ingawa saa nne ilikuwa ishapita, akanieleza mpaka bando ikamwishia, nkamtumia nyingine akaendelea.

Nitaeleza nilivyoelewa. Yale matumbawe makubwa ya mviringo, ukiyaona chini ya maji utadhani ni mawe tu, wataalamu wanayaita Porites, hukua polepole kama sentimita moja hivi kwa mwaka, na kila mwaka huacha tabaka lake kama mti unavyoacha duara ndani ya gogo. Unashuka na kekee kubwa ya kufanyia kazi majini, unatoboa kutoka juu kwenda ndani, unatoa kipande kirefu mfano wa mchi, ukikipasua ukakipiga eksirei unaona mistari imepangana, basi unahesabu kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Na kwa vile tumbawe linajijenga kwa vitu vilivyomo kwenye maji yanayolizunguka, kilichokuwa majini mwaka ule kimeingia kwenye tabaka la mwaka ule na hakitoki tena.

Mwaka 2000 mtafiti Julie Cole na wenzake, akiwemo Robert Dunbar wa chuo kikuu cha Stanford kule Marekani, walitoa kwenye jarida la Science matokeo ya tumbawe lililotolewa hapa hapa Malindi, miaka 194 mfululizo, kutoka 1801 mpaka 1994. Hao walipima oksijeni, maana iko nyepesi na iko nzito, na kiasi cha hii na hii kwenye tumbawe hubadilika na joto la maji. Walichokiona ni kwamba joto la bahari yetu hupanda na kushuka likifuatana na Pasifiki, huko inakozaliwa elnino, na si jambo la juzi, limo kwenye tumbawe karibu karne mbili. Sayyid Said hajahamia Unguja bado na tumbawe letu lilikuwa lishaanza kuandika.

Lakini ile iliyonikosesha usingizi ni ya pili. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann, wakati huo akiwa chuo kikuu cha Bern kule Uswisi, na wenzake wakatoa matokeo ya tumbawe la huku kwetu la miaka 300. Hawa walikuwa wanatafuta bariamu. Udongo wa mto hubeba bariamu, ukifika kwenye maji ya chumvi ile bariamu inauachia udongo inaingia majini, na tumbawe linapojijenga linaichukua na kuiweka pale ambapo kwa kawaida huweka kalsiamu. Mwaka wa tope jingi, bariamu nyingi, mwaka wa tope dogo, kidogo. Sasa kutoka 1700 mpaka karibu 1900 mstari wa mchoro wao umelala, yaani miaka mia mbili mto unaleta udongo wake wa kawaida tu, halafu kuanzia hapo 1900 unaanza kupanda na haurudi chini. Unapanda, unapanda.

Nkamuuliza, 1900 kulitokea nini? Akaniambia shangazi, fikiria mto unatoka wapi.

Nkafikiria. Sisi tunauita Sabaki kwa sababu ndo jina lake ukifika kwetu, lakini huko nyuma ni Galana, na kabla ya kukutana na Tsavo ni Athi, unatoka bara juu huko upande wa Nairobi unapita Ukambani. Reli ilifika Nairobi 1899. Baada ya reli wakaja masetla, mashamba makubwa yakafunguliwa, na wenyewe wa nchi wakabanwa kwenye maeneo waliyokatiwa, watu wanaongezeka na ng'ombe wanaongezeka lakini ardhi ni ile ile, wakalima mpaka kwenye miteremko, mvua ikija inakokota udongo wote mtoni. Serikali ya mkoloni ikasema wenye makosa ni ng'ombe wa Wakamba, ikaanza kuwachukua kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza watu mpaka Nairobi kudai mifugo yao. Wakamshika wakamhamishia wapi? Lamu. Nilipolikumbuka hilo nkanyamaza kwenye simu mpaka kijana akauliza kama nimelala. Udongo wa Ukambani uliletwa na mto ukatufikia sisi Malindi, na mtu aliyesimama kuwatetea wenye udongo akaletwa pwani hii hii, na sisi huku hatujui kwamba haya mambo mawili yanahusiana. Kwetu tope la Sabaki ni tope tu, tunasema mto umeshuka, tunangoja maji yatulie twende kuvua.

Asubuhi baada ya alfajiri babangu yuko kwenye mkeka na kahawa yake, nkamsomea, pale penye kizungu kigumu nkimfasiria. Akaskiza mpaka mwisho hakunikata, na si kawaida yake. Kisha akasema, "Mimi nimeuona huo mstari."

Akaanza kunipa yake. Alipokuwa mtoto mashua zilikuwa zinafungwa pale ambapo leo pana mivinje na mchanga mkavu, bahari imerudi nyuma si kwa sababu imepungua ila kwa sababu mto unaijaza. Na kweli, kuna mahoteli yalijengwa yakigusa maji na leo mgeni anatembea kwenye mchanga mpaka achoke kabla hajalowesha mguu. Akanieleza jinsi tope linavyotembea, kwamba wakati wa kaskazi linashuka kusini, linatujia sisi mpaka kule kwenye mwamba wa matumbawe wa parki ya bahari ya Malindi, na kusi likivuma linasukumwa upande wa Ngomeni na Ghuba ya Ungwana, ndo maana kamba wa kule wanapata chakula. Nkampigia tena kijana nkamweka babu yake kwenye spika, akaeleza yote upya, kijana akacheka kwa furaha akasema babu, hilo la kaskazi na kusi limo kwenye kitabu chetu neno kwa neno, na ninyi mlilijua kabla ya hicho kitabu. Babangu akamwambia, "Tulilijua kwa sababu nyavu zilikuwa zinarudi tupu."

Na mwamba ule wa parki si kitu kidogo jamani, umehifadhiwa tangu 1968, ni katika hifadhi za bahari za mwanzo kabisa Afrika. Tumbawe linataka mwanga na maji safi, tope likilala juu yake linakosa pumzi. Halafu juu ya tope likaja joto. Mwaka 1998, baada ya zile mvua za elnino zilizovunja barabara, bahari ilichemka na mwamba ukageuka mweupe, babangu anakumbuka aliona kwa macho yake akadhani kuna mtu amemwaga chokaa. Mengi yalikufa. Ukiunganisha yale matumbawe mawili, la joto na la udongo, unaiona bahari yetu ikibanwa huku na huku, na tumbawe lenyewe ndilo shahidi, limejiandikia mwilini.

Sasa hapa ndo ninapotaka kusema langu na nalisema kwa moyo wote. Tangu 2000 mpaka leo ni zaidi ya miaka ishirini. Hilo tumbawe lilitolewa kwenye bahari yetu, na linasomwa Uswisi, Marekani, Nairobi, kila palipo na darasa la mambo ya bahari na hali ya hewa, na mvuvi aliyeegesha dau lake hatua chache kutoka pale lilipotobolewa hajui. Simlaumu mtu mmoja. Najua mtafiti anakuja na muda mfupi na pesa za kuhesabu, akimaliza anaandika anachotakiwa kuandika. Lakini hili tangazo la idara lina kurasa sita, na ukurasa mmoja wa Kiswahili ungetosha. Ukurasa mmoja wenye mchoro wa ule mstari, ubandikwe kwenye banda la wavuvi, mwingine skuli, mwingine kwenye ofisi ya chifu, useme tumepima hapa kwenu na tumeona hivi. Watu wangu wataelewa. Mzee asiyejua kusoma atauelewa mstari unaopanda kuliko mimi.

Na kuna mambo yanakuja yanataka tuyajue mapema. Kule Makueni linajengwa bwawa la Thwake kwenye huo huo mto Athi. Bwawa likizuia maji hushika na udongo, hilo ni la kawaida kwa bwawa lolote. Kwa mwamba huenda ikawa nafuu, lakini ufuo uliozoea kulishwa mchanga ukinyimwa unaweza kuanza kuliwa na bahari, na mdomo wa mto je, na kamba wa Ungwana je? Anayeweza kutujibu ni mtu anayepima mwaka hadi mwaka, na watu hao ndo hawa wanafunzi wanaokuja. Nimeona kwenye tangazo idara inatafuta wa kufanya masta juu ya udongo wa mito. Kama una mtoto wa Malindi, Magarini, Gongoni, Mambrui, amemaliza digrii ya sayansi yuko nyumbani anangoja kazi, tafadhali niandikie nitakutumia hiyo pidiefu. Natamani sana safari hii anayepima awe ni wa hapa.

Kuhusu Marafa sitasema mengi, wengi mshafika kwenye lile korongo la Nyari mkapiga picha, na ile hadithi ya familia tajiri iliyokuwa ikioga maziwa mpaka Mungu akaididimiza ardhini mnaijua tangu utotoni. Kijana anasema ni mchanga uliogandana ukawa mwamba laini, mvua inaukata kila mwaka, ndo maana kila ukirudi unakuta sura nyingine. Ila kuna hili moja nimelipenda, kwamba wanajiolojia wana tabaka linaloitwa Mchanga wa Magarini, limeenea pwani ya Kenya mpaka Kwale, na ndo huo huo uliochimbwa madini ya taitaniamu kule Kwale mpaka mwisho wa 2024. Jina la kwetu limo vitabuni, watu ambao hawajawahi kukanyaga Magarini wanalifanyia mtihani.

Haya, turudi kwa babangu. Alipomaliza kahawa akaniuliza hao vijana wanakuja lini kwenye mwamba. Nkamsomea tarehe. Akahesabu mwezi kwa vidole, akatikisa kichwa. "Siku hiyo mwezi una siku nane. Maji mafu. Wataona nini? Bahari haitatoka." Nkamwambia labda walimu wao wameangalia. Akasema kama wameangalia wasingeweka siku hiyo, waje bamvua, maji yakitoka sana mwamba wote uko wazi wanatembea juu ya mawe kwa miguu, na yeye mwenyewe atawapeleka mahali ambapo alipokuwa kijana palikuwa na tumbawe kubwa kuliko hii sebule, wakapime wajue lilikufa mwaka gani.

Chini ya tangazo kuna namba ya ofisi ya idara. Babangu ameniambia nipige saa mbili kamili, kabla hawajaingia darasani.