Tukitukanwa kwa Ajili ya Dhamma

Wapendwa katika Buddha, katika Dhamma, mafundisho yake, na katika Sangha, jumuiya yake,

Wiki hii nimekaa na maneno ya mjomba wangu kuliko nilivyokaa na pumzi yangu. Tulikuwa kwenye arobaini ya shangazi, nami nilikuwa nimeshika birika na beseni nikiwanawisha wazee kabla sinia za pilau hazijaletwa, ndipo mjomba aliponyoosha mikono juu ya beseni na kusema kwa sauti iliyofika hadi jamvi la pili: «Mjomba, baba yako hakukulea uje kusujudia jiwe.» Nilimmiminia maji, nikampa taulo, nikapita kwa aliyefuata. Mkono haukutetemeka, lakini tangu siku hiyo kila niketipo kutafakari sauti yake hunitangulia, na majibu makali ambayo sikuyatoa pale jamvini huja yenyewe, yakiwa yamekwisha kunolewa.

Najua hali hii si ngeni kwenu, kwa kuwa wengi wetu tumezaliwa katika nyumba za Kiislamu au za Kikristo na hakuna shughuli ya ukoo inayopita bila mtu kutuuliza tumepotelea wapi. Hata hivyo, watu wa Dhamma walianza kusemwa zamani. Katika Brahmajala, sutta, yaani hotuba, ya kwanza kabisa ya Digha Nikaya, mkusanyo wa hotuba zake ndefu, Buddha yuko njiani baina ya Rajagaha na Nalanda pamoja na watawa wake, na nyuma yao anafuata Suppiya, mtawa wa kuhamahama wa dhehebu jingine, akiwakashifu njia nzima, ilhali mwanafunzi wake mwenyewe, kijana Brahmadatta, anawasifu. Watawa walipokuwa wakilizungumza jambo hilo alfajiri, Buddha aliwaambia kwamba watu wakimsema vibaya yeye, au Dhamma, au Sangha, wasikasirike, kwa maana mtu aliyekasirika hawezi kupima kama lililosemwa ni kweli au si kweli. Wajibu wao ni kueleza tu kwamba hili si sahihi na hili halimo kwetu. Na wakisifiwa, wasivimbe kichwa.

Basi nieleze, kwa ajili ya mjomba na kwa ajili ya wale waliojiunga nasi karibuni. Si sahihi kwamba tunaliomba jiwe. Tunapopiga magoti mbele ya sanamu tunamkumbuka binadamu, Siddhattha Gotama, aliyezaliwa Lumbini, akaiacha nyumba yake akiwa na umri wa miaka 29, akaamka kutoka katika ujinga chini ya mti kule Bodh Gaya akiwa na miaka 35, na akafariki Kusinara akiwa na miaka 80. Maua tunayoweka yatanyauka kabla ya kesho kutwa, nasi tunayaweka hasa kwa sababu hiyo, tukijikumbusha kuwa mwili huu nao utanyauka. Hakuna anayeiomba sanamu mvua wala mtoto, na kama yupo miongoni mwetu anayefanya hivyo, aache.

Lakini yapo ambayo mjomba angeyasema na yakawa kweli, na hapo nina neno kwa baadhi yenu. Nimesikia ndugu wakiwaambia wazazi wao kwamba dini yetu «ni ile ile tu, majina ndiyo tofauti», ili chakula kiliwe kwa amani. Si ile ile. Hatufundishi kuwapo kwa Mungu muumba atakayehukumu. Tunafundisha kwamba tendo lililokusudiwa huzaa tunda lake, katika maisha haya au yajayo, na kwamba hakuna atakayelibeba kwa niaba ya mtendaji. Katika maadili matano tunaahidi kutoua, kutochukua tusichopewa, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo. Ahadi ya nne haina kifungu kinachoiondoa mbele ya mama mzazi.

Yaliyobaki mnayajua. Katika hotuba ya kwanza, kule Isipatana karibu na Varanasi, Buddha aliwafundisha wenzake watano kwamba maisha yamechanganyika na dhiki, kwamba dhiki hiyo ina chanzo, nacho ni kiu ya kutaka na kung'ang'ania, kwamba kiu ikizimika dhiki hukoma, na kwamba ipo njia yenye sehemu nane ya kufikia huko. Nimeyakariri haya kwa miaka, lakini wiki hii kiu imenionyesha uso wake. Kinachoniuma si kwamba Buddha ametukanwa, kwa maana yeye hakupungukiwa na kitu. Kinachoniuma ni kwamba nilitaka kuheshimiwa mbele ya wazee, na heshima hiyo sikuipata. Nimeivalisha kiu hiyo vazi la kuitetea Dhamma, na vazi lenyewe limenikaa vizuri mno.

Kwa hiyo nimerudi kwa Akkosaka Bharadvaja. Huyu Brahmini, mtu wa tabaka la makuhani, alisikia kwamba mtu wa ukoo wake ameingia utawa kwa Gotama, akapandwa na hasira, akamfuata Buddha kule Rajagaha na kumporomoshea matusi. Tazameni sababu yake: ukoo, ule ule ukoo. Buddha alimuuliza kama huwa anatembelewa na rafiki na jamaa. Akasema huja. Akamuuliza kama huwaandalia chakula, akajibu kwamba mara nyingine huwaandalia. «Na wasipokipokea, chakula hicho ni cha nani?» «Kinabaki kuwa chetu.» Ndipo Buddha akamwambia kwamba matusi hayo hakuyapokea, na kwamba anayemrudishia tusi aliyemtukana ameketi naye kula sahani moja.

Ndugu zangu, tumekula sana sahani hiyo. Nimesoma majibu ambayo baadhi yetu wanawarudishia Waislamu na Wakristo, wakikejeli vitabu vyao na kuwaita wafuasi wa dini za kuletwa, kana kwamba yetu imeota mnazini. Mfalme Ashoka wa India ya kale, aliyeipenda Dhamma kuliko mfalme mwingine yeyote tunayemjua, aliagiza ichongwe mwambani kwamba anayeikweza dini yake kwa kuzishusha za wengine huidhuru zaidi dini yake mwenyewe. Mwamba huo una zaidi ya miaka 2,200, nasi bado hatujausoma. Kama ulishika maadili matano asubuhi na jioni ukamwita jirani yako mjinga kwa sababu ya sala yake, rudi kesho uyashike upya, na safari hii ujisikilize unapoyatamka.

Mpaka mwezi mpevu ujao, tuketi kila siku katika metta, tafakari ya kuwatakia wote heri, kwa utaratibu tuliorithi: kwanza kujitakia heri mwenyewe, kisha mtu unayempenda, kisha mtu usiyemjali, labda kondakta wa daladala au muuza maji, na mwisho yule anayekuudhi. Usiruke hatua ukamkimbilia adui ili uonekane shujaa, kwa maana utaketi pale ukimkasirikia kwa macho yaliyofumbwa. Mimi bado nimekwama kwa muuza maji, na mjomba atasubiri zamu yake.