Wigirafu kafa

Juzi dogo kaingia stoo kutafuta chaja akatoka na kitabu changu cha mwongozo wa gemu ya Final Fantasy Tactics, na ndani ya kitabu akakuta ile karatasi. Ni bahasha kwa kweli, ya mshahara wa mama, nyuma imeandikwa kwa peni ya bluu: PIGA KELELE MPAKA UWE MWEPESI NDO UMGUSE. Akaja nayo sebuleni, baba, nani alikuwa anapigiwa kelele?

Yeye anacheza toleo jipya la gemu hiyo, The Ivalice Chronicles iliyotoka Septemba 2025, watu wanaongea kwa sauti, gemu inajisevu yenyewe, ukiona pagumu unashusha ugumu. Sasa mtoto wa hivyo unamwelezaje Riovanes, ile ngome ya ndani ya gemu iliyonitesa.

Ilikuwa 2001, Houston, ile apatimenti yetu ya ghorofa ya pili. Mama Tanga kwetu alikuwa mwalimu wa msingi, huku anabeba boksi kama wenzake, kwenye nyumba ya wazee, zamu ya kuanzia saa tisa mchana. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu nchini, Kiingereza cha kuokoteza, na PlayStation ya mtumba yenye memori kadi moja. Kadi ina bloku 15, na 14 alishajaza kaka Abuu na mieleka yake, hataki hata moja ifutwe. Kwahiyo nilikuwa na bloku moja, na hapo ndo shida ilipoanzia, maana pale kwenye ngome ya Riovanes mapigano yanafuatana bila kutoka nje, na ukimaliza lile la getini gemu inakuuliza kwa upole kabisa, utasevu? Nikasevu.

Waliopita pale wameshacheka. Ndani Ramza, yule unayemchezesha, anabaki peke yake na adui anaitwa Wiegraf, ambaye ana upanga wa kukupiga kwa mbali, mara mbili tu uko chini. Na hata ukimshinda anageuka dude lenye kichwa cha mbuzi. Kurudi kwenye ramani ukaongeze nguvu haiwezekani, kununua silaha haiwezekani, umesevu juu ya sevu yako ya pekee, basi, saa arobaini za maisha ziko kwenye mkebe. Nilikufa siku tatu. (Atatokea mtu aseme si ungeingia GameFAQs, ile tovuti ya miongozo ya gemu. Kwa intaneti ipi? Nyumbani hatuna, na maktaba yetu Jumapili imefungwa.)

Jumapili hiyo tumetoka kanisani mama kashavaa yunifomu ya kazi, nikamwomba anipitishe dukani, palikuwa na vitabu vya gemu vimepangwa ukutani. Akasema dakika kumi. Kitabu nikakiona, dola 14.99, mama akageuza nyuma akaangalia bei akasema hizo ni kadi tatu za kupiga simu Tanga. Nilidhani ndo imeisha. Lakini hakukirudisha. Alikifungua akakilaza kwenye mkono kama daftari la mahudhurio, akatoa ile bahasha na peni kwenye mkoba akanipa, akasema andika.

Akaanza kusoma kimoyomoyo na kunitolea kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, ili muuzaji asijue tunaiba. Monk, mtawa. Lightning Stab, kisu cha radi. Squire akakwama, "hili silijui, andika kijana." Wiegraf akamwita Wigirafu na mpaka leo kwetu ndo jina lake. Nilikuwa naona aibu kidogo kwa hizo tafsiri lakini ukweli Kiingereza cha ile gemu chenyewe kilikuwa majanga, walipotaka kusema joka linapuliza moto waliandika "bracelet", joka likawa linakushambulia kwa bangili. Kwahiyo mtawa siyo mbaya.

Muuzaji akapita, mama akamjibu kwa kile Kiingereza chake cha darasani kwamba tunaangalia tu. Akarudi kwenye ukurasa, akasoma mstari mmoja mara mbili.

"Wanasema ujiandae vizuri kabla hujaingia. We umeshaingia?"

"Nimeshaingia."

"Na mlango?"

"Umefungwa."

Akanitazama. Sijui aliona nini, mimi nilikuwa karibu kulia mbele ya rafu ya vitabu. Akafunua kurasa za nyuma kule kwenye majedwali ambayo hakuna mtu anayasoma, kidole kinashuka mstari kwa mstari kama anasahihisha mitihani.

"Huyu wako anaweza kupiga kelele?"

Yell. Nilikuwa nayo, sijawahi kuitumia. "Anaweza ila haina maana."

"Imeandikwa inaongeza wepesi. Kila akipiga?"

"Kila akipiga."

"Wigirafu naye anaongeza?"

"Hapana."

"Sasa si apige tu kelele."

Wakubwa wa gemu wanajua alichogusa. Kila mtu ana kaunta inayojaa mpaka 100 ndo apate zamu, kila tiki ya saa ya gemu inaongezeka kwa Speed (wepesi) yake, mwenye 8 anahitaji tiki 13, ukifika 16 tiki 7, mbele zaidi unacheza mara mbili tatu yeye bado anasubiri foleni. Mama hakujua hayo, alisoma jedwali tu.

Nyumbani nikapiga kelele, nikapigwa, Ramza akanywa dawa, nikapiga kelele tena, nilirudia mara nyingi tu mpaka Wiegraf akawa kama kasimama. Dude la mbuzi nalo likaenda. Sina wa kumwambia, nikaandika kikaratasi nikabandika kwenye friji, WIGIRAFU KAFA, nikalala.

Usiku wa manane naamshwa, mama kashika kile kikaratasi, hata viatu hajavua, mkono unatetemeka. "Nani kafa? Wamepiga simu kutoka nyumbani?" Yaani kutoka kwenye gari mpaka kwenye friji alikuwa kashamsahau Wigirafu. Nilipomwambia alikaa kitandani kwangu akacheka, halafu kicheko kikaishia njiani.

Kwamba alichelewa kazini siku ile akaandikiwa onyo nilikuja kulijua miaka baadaye. Kitabu nilikuja kununua mwisho wa 2018, Prima Games, wachapishaji wa vitabu vya gemu, walipotangaza wanafunga nikaogopa vitabu hivi vitapotea vyote, nikalipa bei ambayo mama sijamwambia.

Basi dogo aliposisitiza tukampigia bibi yake. Bahasha haikumbuki, duka halikumbuki. Lile onyo analikumbuka vizuri sana. "Siku ile nilipitia petroli, foleni ikawa ndefu."

Nikasema ee, ilikuwa ndefu kweli.