Kulea Viongozi wa Miaka 14 Msituni Kakamega

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, kikundi chetu cha walimu na wazazi wa Kisumu huwapeleka watoto katika Msitu wa Kakamega kwa kambi ya juma moja. Tunapiga kambi upande wa Isecheno, ambako msafiri hufika kwa kuiacha barabara kuu pale Khayega na kupitia Shinyalu. Watoto wengi wana umri wa miaka 9 hadi 12. Wale wa miaka 13 hadi 15, ambao wengi wao walikuja kwanza wakiwa wadogo, huja kama wasaidizi wa walezi, na wao ndio ninaotaka kuwazungumzia leo, kwa kuwa wazazi huniuliza kila mara ni somo gani la uongozi tunalowapa.

Hatuwapi somo la kukaa na kusikiliza. Zipo kambi zinazomwalika mnenaji awahutubie vijana kuhusu ndoto zao, kisha wakagawiwa fulana na cheti na kupigwa picha. Sina ugomvi na fulana, lakini bado sijamwona kijana aliyejua kuongoza kwa sababu ya kumsikiliza mtu mzima kwa saa mbili. Sisi tunamkabidhi kila msaidizi watoto sita au saba pamoja na kazi ambayo, isipofanywa, kuna mtu atakayelala na njaa au ataloa. Wazo hilo si letu. Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, ambaye kaburi lake liko Nyeri, aliwapeleka wavulana katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka wa 1907, akawagawa katika vikosi vidogo na kila kikosi akakiwekea kiongozi kijana. Hapa kwetu, Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka wa 1968.

Kazi inayofunza kuliko zote ni ile isiyogombewa na yeyote: kutembea nyuma kabisa. Njia za msituni ni nyembamba, zina mizizi na utelezi, kwa hiyo tunakwenda kwa mstari mmoja, mwongozaji mwenyeji akitangulia. Kila kijana hutaka kuwa karibu na mwongozaji, kwa sababu huko ndiko nyani na mbega huonekana kwanza. Lakini anayefunga mstari ndiye anayehesabu vichwa kila tunaposimama, ndiye anayeona nani anachechemea na nani amemaliza maji, na ndiye mwenye mamlaka ya kuusimamisha msafara mzima. Agosti iliyopita zamu hiyo ilikuwa ya msichana wa miaka 14, mpole, asiyependa kupaza sauti. Tulipokuwa tukielekea kilima cha Lirhanda alimwona mvulana mdogo akipiga mguu chini mara mbili bila kusema neno. Akatuma ujumbe mbele, mdomo kwa mdomo, kwamba tusimame, akamsogeza mtoto hatua kadhaa kutoka penye siafu, akamvua gambuti na soksi, akaanza kuwabandua wadudu mmoja mmoja huku akimwuliza habari za mbwa wao wa nyumbani. Mtoto hakulia. Alipomaliza aliikung'uta soksi, akaipindua, akaichungulia ndani, kisha ndipo akamvisha. Akahesabu vichwa, akapeleka neno mbele kwamba tumetimia. Mimi nilikuwa karibu naye muda wote, mikono mfukoni.

Hiyo mikono mfukoni ndiyo kazi ngumu ya mtu mzima kambini, na walezi wapya huwa hawaiwezi. Tumekubaliana kanuni moja: kosa ambalo matokeo yake ni blanketi kuloa, tunanyamaza, kosa linaloweza kumuumiza mtu, tunaingilia kati papo hapo. Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi hunyesha alasiri. Kijana akichagua kusimamisha hema bondeni kwa sababu udongo wake ni laini, tutamwacha, na kufikia jioni atakuwa anahamisha vitu pamoja na kikosi chake. Akilisimamisha chini ya tawi lililokauka, hatusubiri. Kuvuka mto, nyoka na radi ni mambo ya watu wazima, wala hayana mjadala.

Jikoni sina mengi ya kusema. Msaidizi hupakua chakula na kula mwisho, na watoto hutazama mwiko kwa makini kuliko hakimu yeyote.

Maarifa ya msitu nayo yana mahali pake, kwani asiyejua kitu hawezi kuwaongoza wengine kukitazama. Vijana hufika wakijua kwamba huu ndio msitu pekee uliosalia nchini Kenya wa aina ya misitu ya mvua ya Kongo. Tunachowaongezea ni namna ya kuuliza. Kuna mti ambao wenyeji huuita mwiritsa, ambao gome lake ni dawa, na si ajabu kuukuta umechunwa ubavu mzima. Msaidizi hawaambii watoto kwamba watu wa hapa wanaharibu msitu. Huwaketisha mbele ya mti na kuwauliza ni nani aliyekuwa mgonjwa, zahanati iko umbali gani, na mti unahitaji gome kwa kazi gani. Maswali hayo hatuyakwepi, maana mama wanaotupita na kuni kichwani ni majirani zetu kwa juma hilo.

(Katika miaka ya shufwa tunapungukiwa na wavulana wenye asili ya Bungoma, kwa kuwa Agosti ya miaka hiyo ndio msimu wa tohara ya Wabukusu, jamii ya huko. Sijawahi kulalamika, huko nako wanafunzwa utu uzima na watu waliotutangulia sana katika kazi hii.)

Kila jioni wasaidizi huketi nasi na daftari zao. Haturuhusu taarifa ya "leo nilifanya hivi na vile". Tunataka kusikia waliloliona kwa watoto wao: nani haogopi giza tena, nani anaficha omena chini ya ugali, nani hajapata rafiki. Siku ya kuondoka, msaidizi ndiye anayezungumza na mzazi, sisi tukiwa pembeni. Safari iliyopita mvulana wa miaka 15 alimwamkia mama mmoja, akamweleza kwamba binti yake huenda haoni vizuri mbali, kwa sababu kila mbega walipoonyeshwa juu ya miti alicheka baada ya wenzake kucheka. Mama akanigeukia mimi kutaka uthibitisho. Nikamwambia amwulize kijana, kwa kuwa mimi sikuwa nimeliona.