Jogoo wa Lugha Mbili

Mtoto anayelelewa kwa Kiswahili huku Ujerumani huwa na majogoo wawili. Wa nyumbani anawika kokoriko, wa chekechea anawika kikeriki. Mtoto wangu hajaona tatizo lolote: akiniambia mimi ni kokoriko, akimgeukia mwenzake anabadilisha bila kupepesa macho. Wanaobishana ni sisi wakubwa.

Na tunabishana kweli. Wakikaa pamoja watu wa nchi mbalimbali, waulize tu mbwa analiaje. Mjerumani atasema wau wau, Mrusi gav gav, Mjapani wan wan, na kila mmoja anawashangaa wenzake kana kwamba hawajawahi kumsikia mbwa. Bata ndiye balaa zaidi. Kwa Wadenmaki analia rap rap! Hapo mimi nimegoma.

Mbwa ni yule yule, ila kila lugha ina sauti zake za kumwigia. Silabi ya Kijapani huishia kwa irabu, au kwa n, basi mbwa wa Kijapani atafanyaje zaidi ya kusema wan? Kiswahili nacho kinapenda irabu mwishoni, ndiyo maana jogoo wetu anatembea nazo hatua kwa hatua: ko-ko-ri-ko. Hata hivyo k yake inasikika karibu kila mahali: kukareku kwa Warusi, kokekokko kwa Wajapani. Mwingereza anaanza vizuri na k, kisha anapotea njia: cock-a-doodle-doo.

Ninayempenda kuliko wote ni kondoo wa Ugiriki. Karne ya 5 kabla ya Kristo, mtunzi wa vichekesho Kratinos aliandika juu ya mjinga anayetembea akilia kama kondoo, βῆ βῆ. Mgiriki wa leo akizisoma herufi hizo kwa matamshi yake anapata “vi vi”, na kondoo wa kulia hivyo hayupo duniani. Wataalamu wakaushika mlio huo kama ushahidi kwamba zamani herufi zile zilitamkwa “bee”. Kondoo kaendelea na mlio wake, Wagiriki ndio waliohama.

Chura ana kesi yake peke yake, maana vyura wenyewe hawalii sawa. Ule mlio wa “ribit” wanaoujua watoto wa Marekani ni wa chura mdogo wa pwani ya Pasifiki, jirani kabisa na Hollywood. Watengeneza filamu walimrekodi huyo aliyekuwa karibu, wakampachika hata kwenye misitu ambayo hajawahi kuikanyaga. Kwa Wajapani chura ni kero kero, na huenda wanasema kweli kuhusu vyura wao. Wajerumani wamewapa chura na bata mlio mmoja, kwak, na hakuna anayelalamika.