Ratiba yangu ya Melbourne
Tenisi ya Australia ikikaribia, kila Januari mimi hupanga siku zangu upya. Melbourne wametutangulia kwa saa nane. Mechi za mchana kule zinaanza saa tano asubuhi yao, na hapa Mombasa ni saa tisa usiku, watu wamelala fofofo. Hizo za mwanzo naziacha. Naamka na adhana, naswali, kisha nawasha televisheni na kukuta seti zimenoga huku chai inachemka.

Za usiku ndizo tamu kwetu, maana saa moja jioni ya kule ni saa tano asubuhi hapa! Siku ya fainali ya wanaume napika mapema: pilau nishaipalia makaa kabla mpira haujarushwa. Na alasiri nzima sipangi kitu kingine. Mwaka 2012 Djokovic na Nadal walichuana saa 5 na dakika 53. Melbourne ilikuwa saa saba na nusu usiku imepita, kwetu jioni, jua bado liko juu.

Inayonitesa ni US Open. Mechi za usiku za New York zinaanza saa nane usiku wetu. Nyie wenye kazi za asubuhi mnafanyaje?